Namba za NIDA zinazoishia sifuri tano, na maswali mengine kutoka idarani

Mwezi huu safu imeachiwa wale wanaoandika programu za utafiti katika idara za vyuo, Dodoma na wilaya zake. Barua zilizofanana tumeziunganisha, ndefu tumezipunguza.

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Nimepata mkataba wa miaka miwili katika idara moja ya chuo. Kwenye usaili niliambiwa nitaandika programu za kuchakata data za watafiti. Kwenye mkataba naitwa Afisa TEHAMA, na tangu nianze ni printa na projekta tu. Kazi yangu hasa ni ipi?
*Afisa wa printa, Dodoma*

Kazi uliyoelezwa kwenye usaili ina jina: mhandisi wa programu za utafiti. Jina hilo lilianza kutumika Uingereza mwaka 2012, kwa sababu watu wa aina yako walishakuwa wengi vyuoni na hakuna aliyejua awaweke fungu gani. Si wahadhiri, si mafundi wa kompyuta. Fundi anahakikisha mashine inawaka na mtandao unafika. Wewe unashika kila kilichopo kati ya dodoso na jedwali linalochapishwa kwenye makala: fomu ya kishikwambi, usafishaji wa data, hesabu, ramani, na uwezo wa mtu mwingine kurudia hayo yote mwaka kesho akapata namba zilezile.

Kugombania printa kwa maneno hakutakusaidia. Kwa wiki nne andika kila ombi linalokujia: nani, anataka nini, dakika ngapi. Mwisho wa wiki ya nne mpelekee mkuu wa idara ukurasa mmoja wenye jumla. Wakuu wa idara wengi hawana nia mbaya. Printa mbovu inapigiwa kelele na watu kumi, data mbovu haina wa kuipigia kelele. Akiona kwamba theluthi mbili ya mshahara inakwenda kwenye karatasi zilizokwama, atatafuta fundi.

Kabla hujaanza kazi ya mtafiti yeyote, kubalianeni kwa maandishi, nusu ukurasa inatosha. Swali la utafiti ni lipi, data zinatoka wapi na kibali chake anacho nani, unatakiwa kukabidhi nini (grafu, jedwali, au programu itakayoendelea kutumika), na jina lako litakaa wapi. Hili la jina watu hulionea haya, halafu hulalamika makala ikishatoka. Kama umebuni njia ya hesabu, omba uandishi mwenza. Kama umeandika programu tu, weka ndani ya folda yake faili la CITATION.cff linaloeleza namna ya kuitaja, kisha hifadhi toleo lake Zenodo, hazina inayoendeshwa na CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa nyuklia, tangu 2013. Utapewa DOI (namba ya kudumu ya kuitambulisha kazi mtandaoni) bila malipo, nayo inaingia kwenye wasifu wako kama kazi iliyochapishwa.

Na siku zako zihesabiwe wakati andiko la kuomba fedha linaandikwa, si baada ya fedha kutoka. Dodoso la maswali 80 lenye miruko ya maswali lisiandikiwe siku moja. Weka wiki nzima ya kulijenga, na siku mbili za kulijaribu kijijini na wadadisi halisi.

SWALI: Ndugu wahariri, tulikusanya namba za NIDA (za kitambulisho cha taifa) za wakulima wa zabibu. Kwenye kishikwambi zilikuwa sawa. Nimefungua faili kwenye Excel, nikahifadhi, sasa namba zote zinaishia 00000 na wakulima kadhaa wana namba moja. Namba za simu nazo zimepoteza sifuri ya mbele. Naomba msaada, bosi anazitaka Ijumaa.
*Mtafiti msaidizi, Hombolo*

Faili hilo haliponi, kwa hiyo usipoteze usiku kulitibu. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba yoyote. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, basi tano za mwisho zimegeuzwa sifuri na hakuna fomula ya kuzirudisha. Nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa, na watu waliozaliwa siku moja na kuandikishwa sehemu moja hutofautiana huko mwishoni. Ndiyo maana wakulima wako wawili watatu wamekuwa mtu mmoja.

Rudi kwenye seva, pakua upya. Faili ulilopakua liweke kwenye folda uliyoiita "ghafi", kisha lifanye la kusomwa tu, lisiandikike. Usilifungue kwa kulibofya mara mbili. Kama lazima utumie Excel, fungua kitabu kitupu, nenda menyu ya Data, ingiza faili la maandishi, na kabla hujamaliza chagua safuwima za NIDA, simu na namba ya kaya uzipe aina ya maandishi. Kwenye lugha ya programu ya R, andika `colClasses = "character"` unaposoma. Kwenye lugha ya Python, maktaba ya pandas inataka `dtype=str`. Usidhani hizi mbili zina kinga ya kuzaliwa nayo: namba ya kawaida ndani yake ni sahihi hadi 9,007,199,254,740,992 tu, yaani tarakimu 16, na hata namba kamili ya biti 64 inaishia tarakimu 19. NIDA haiingii. Sheria ya kushika ni nyepesi: namba usiyoweza kuijumlisha wala kuitafutia wastani ni jina, itunze kama jina.

Halafu skripti, yaani faili la amri zako, ikague yenyewe na isimame ikikuta kasoro: kila namba iwe na tarakimu 20, isionekane safuwima nzima inayoishia 00000, na idadi ya namba tofauti ilingane na idadi ya wakulima. Mistari mitatu hiyo ingekupa taarifa siku ileile.

Lakini swali la kumuuliza bosi Ijumaa ni hili: NIDA ilikuwa ya nini? Kama ni kumtambua mkulima yuleyule msimu ujao, namba ya kaya mliyoitunga wenyewe inatosha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inawataka mkusanye kile tu mnachokihitaji, na namba inayotaja tarehe ya kuzaliwa ya mtu si kitu cha kuzunguka nacho kwenye flashi. Jina, simu na NIDA zikae jedwali moja lenye nenosiri. Majibu yakae jingine. Kinachoyaunganisha kiwe namba ya kaya peke yake.

Namba hiyo ya kaya ipeni tarakimu ya ukaguzi. Tuseme kijiji 03, kaya 018. Zidisha tarakimu 0, 3, 0, 1, 8 kwa 6, 5, 4, 3, 2 kwa mpangilio huo: 0 + 15 + 0 + 3 + 16 = 34. Gawa kwa 11, inabaki 1. Namba kamili, ikitanguliwa na HB ya Hombolo, ni HB03018-1. Mdadisi akichanganya akaandika 03081, jumla inakuwa 41, baki ni 8, fomu inamkatalia palepale mlangoni kwa mkulima. Baki ikiwa 10, rukeni namba hiyo. Herufi za mbele zina kazi pia, zinaizuia Excel kuila sifuri. Msitumie E katikati, lakini: namba kama 12E3 Excel huisoma elfu kumi na mbili.

SWALI: Shikamooni. Utafiti wetu wilayani Bahi unauliza kaya zinakwenda kuchota maji saa ngapi. Nimechora grafu, inaonyesha kijiji kizima kinakwenda kisimani saa 7 na saa 8 usiku. Profesa amecheka, mimi sijacheka.
*Mchakataji, Bahi*

Marahaba. Wadadisi wako wameandika 1 na 2, wakimaanisha saa 1 na saa 2 asubuhi kama tunavyosema wote. Kompyuta imesoma 01:00 na 02:00. Tofauti ni saa sita, na kosa hili lipo kwenye data nyingi za nchi hii kuliko linavyokiriwa, kwa sababu "4" inapita kama saa halali kwa hesabu zote mbili. Hakuna kinachong'aka.

Usimwachie mdadisi kisanduku kitupu. Mpe vitu viwili: saa, 1 hadi 12, na kipindi cha kuchagua. Vipindi viwe na mipaka: asubuhi 1 hadi 5, mchana 6 hadi 9, jioni 10 hadi 12, usiku 1 hadi 9, alfajiri 10 hadi 12. Ukihesabu, hapo saa 24 zimeenea bila kupandana. Kisha ubadilishaji ni huu: asubuhi, mchana na jioni ongeza 6, usiku na alfajiri ongeza 18, na ikifika 24 au kuzidi, toa 24. Saa 8 usiku ni 26, toa 24, ni 02:00. Saa 12 alfajiri ni 30, inabaki 06:00.

Mipaka ile si urembo. Watu husema "saa 12 asubuhi", na 12 ukiiongezea 6 unapata 18:00, magharibi. Wengine husema "saa 1 jioni", ukiongeza 6 unapata 07:00. Fomu ikikataa mchanganyiko huo na kuandika "chagua alfajiri" au "chagua usiku", mdadisi atajifunza siku ya kwanza. Kwa matukio ya usiku ongeza swali la siku, kwa maneno yasiyoteleza: "usiku wa kuamkia leo". Ukiandika "usiku wa Jumatano", mzee atakupa usiku wa Jumanne na kijana wa Jumatano, na wote wamejibu sawasawa.

Data ulizokwisha kukusanya: kama fomu ina maelezo ya ziada ("asubuhi kabla ya shamba"), tumia hayo. Palipo na "4" peke yake, iache wazi uihesabu kama jibu lililokosekana. Usikisie.

Angalia pia muda ambao kishikwambi chenyewe hugonga fomu inapoanza. Unaishia na +03:00, lakini seva nyingi huutunza kwa saa ya kimataifa ya UTC, saa 3 nyuma yetu. Fomu ya saa 8 usiku inahesabiwa ya jana. Kwenye skripti taja ukanda wa saa `Africa/Dar_es_Salaam`. Serikali imehamia Dodoma, orodha ya saa za kompyuta haijahama; ukiandika Dodoma utapata hitilafu.

SWALI: Tuna nukta za GPS za visima vya Dodoma Mjini, Kongwa na Mpwapwa. Visima vya mjini vimekaa vizuri kwenye ramani, vya Mpwapwa vimetua mkoani Katavi. Mafaili yote yamepimwa kwa kifaa kimoja.
*Wawili wa idara ya jiografia*

Mstari wa longitudo 36 mashariki unapita kati yenu, mashariki kidogo ya jiji. UTM, mfumo wa ramani unaogawa dunia kanda za longitudo sita sita na kupima kwa mita, hubadili kanda kwenye mstari huo: Dodoma Mjini iko kanda 36 Kusini, Kongwa na Mpwapwa ziko kanda 37 Kusini. Kifaa kimebadili kanda chenyewe mlipovuka, lakini mliponakili namba mmeziacha kanda nyuma, na ramani imesoma zote kama 36. Nukta inaruka longitudo sita, zaidi ya kilomita 600 magharibi, hadi ng'ambo ya Mpanda.

Kuzitenganisha si kazi. Namba ya mashariki ya Dodoma Mjini iko karibu na laki nane, ya Kongwa na Mpwapwa ni laki mbili na kitu. Gawa faili kwa kigezo hicho, lipe fungu la kwanza EPSG (namba ya kutaja mfumo wa ramani) 32736 na la pili 32737, kisha geuza yote kuwa latitudo na longitudo (EPSG 4326) kabla ya kuyaunganisha. Siku zijazo pimeni kwa latitudo na longitudo tangu mwanzo, desimali tano, ambayo ni kama mita moja. Zaidi ya hapo simu inajitungia tu.

Nukta zikionekana mahali pake ila zote zimesogea kama mita 300 kuelekea upande mmoja, hilo ni jambo jingine. Ramani za zamani za 1:50,000 zimechorwa kwa msingi wa Arc 1960, na vifaa vya leo hutumia WGS 84. Kanda ni zilezile ila namba ni EPSG 21036 na 21037. Mita 300 ni kisima cha kijiji kingine.

Makosa mawili mengine yanajitambulisha yenyewe kwa pale nukta zinapoangukia. Dodoma ni takribani -6.17, 35.74. Mkisahau alama ya kutoa, visima vitakuwa Ethiopia. Mkigeuza mpangilio wa namba hizo mbili, vitazama Atlantiki karibu na Tanger, Moroko.

SWALI: Mwalimu wangu alichapisha makala mwaka 2018. Nimeendesha skripti yake ya R, data zilezile, `set.seed` ileile (mbegu ya kuanzishia bahati nasibu), sampuli inatoka tofauti. Ananiambia nimeharibu kitu.
*Mwanafunzi wa uzamili*

Yaelekea hujaharibu. R toleo 3.6.0, lililotoka Aprili 2019, lilibadili namna `sample` inavyochagua, kwa sababu njia ya zamani ilikuwa na upendeleo mdogo. Mbegu ileile sasa inaotesha mmea mwingine. Kabla ya `set.seed` andika `RNGversion("3.5.0")` uendeshe tena. R itatoa onyo. Ni onyo, si kosa. Namba zikirudi, umepata jibu na unaweza kumwonyesha mwalimu kwa heshima zote.

Zisiporudi, tazama badiliko la toleo 4.0.0 la Aprili 2020. Zamani safuwima ya maneno iligeuzwa kuwa makundi yenyewe. Sasa inabaki maneno. Hapa kuwa mwangalifu, maana huenda namba *mpya* ndizo sahihi. Chukua safuwima ya ekari ambayo mdadisi mmoja aliandika "sijui". Zamani R iliifanya makundi, na `as.numeric` ikarudisha nafasi ya kundi kwenye orodha badala ya ekari zenyewe, bila neno. Sasa inarudisha ekari na kuiacha "sijui" wazi. Chapisha wastani wa kila safuwima kwa njia zote mbili, weka kando kwa kando, mpelekee mwalimu karatasi hiyo kabla ya maelezo yoyote. Na skripti yako mwenyewe iishie na `sessionInfo()` iliyohifadhiwa kwenye faili, ili mwanafunzi wa miaka mitano ijayo asituandikie sisi.

SWALI: Hesabu yangu inachukua saa 40. Umeme ukikatika inaanza upya. Nimeomba jenereta, wameniambia nisubiri.
*Anonymous wa ghorofa ya tatu*

Usisubiri, ikate kazi vipande. Kama ni marudio 1,000 ya sampuli, fanya vipande 40 vya marudio 25, kila kimoja kama saa moja. Kila kipande kiandike faili lake la matokeo, na skripti ikianza iangalie faili lipi limeshakuwepo, ikiruke. Umeme ukikatika umepoteza saa moja.

Kipande kiandike kwanza kwenye faili lenye jina la muda, na kikimaliza ndipo libadilishwe jina kuwa la kudumu. Usipofanya hivyo, umeme utakatika katikati ya kuandika, faili nusu litaonekana zima, na skripti italiruka. Kosa hili ni baya kuliko kupoteza saa 40. Kila kipande kiwe na mbegu yake tofauti, la sivyo utarudia marudio 25 yaleyale mara 40 na makadirio ya kosa yatakuwa membamba ya kufurahisha. Betri ya UPS ni ya kukupa dakika chache za kuzima mashine salama, si ya kufanyia kazi. Na zima masasisho ya Windows ya kujiwasha usiku; nusu ya "umeme ulikatika" tunazoandikiwa ni hayo.

SWALI: Idara ina mafaili "mwisho", "mwisho2" na "mwisho_KABISA_Dr". Naambiwa Git inataka intaneti nasi bando linaisha tarehe 10.

Git, programu ya kutunza kila toleo la faili, haihitaji intaneti. Inafanya kazi yote ndani ya kompyuta yako. Mtandao unahitajika tu unapotuma nakala mbali. Kwenye mashine moja ya idara tengeneza hazina kwa `git init --bare`, wenzako waivute kupitia mtandao wa ndani, au hata kwa flashi inayopita mkono kwa mkono. Skripti na maelezo viingie humo. Data zenye majina zisiingie kabisa, kwa sababu Git haisahau: ukifuta faili leo, toleo la jana bado linalo. Majina ya mafaili hayo ya data yaandikeni kwenye faili la `.gitignore` siku ya kwanza, Git iyaruke.

SWALI: Nijifunze R au Python?

Ile anayoitumia mtu wa meza ya pili kutoka kwako, ili ukikwama saa 9 alasiri uwe na wa kumuuliza. Idara za kilimo, afya na takwimu mara nyingi ni R. Wanaoshughulika na picha za setilaiti na lugha ni Python. Kama mezani hakuna mtu, chukua R, halafu mfundishe jirani.